Baba hataki kazi yangu, mjomba wa mtoto hataki kadi zangu

Shikamoo Mama,

Mimi ni kijana wa kiume, mzaliwa wa Tandahimba, kwa sasa naishi Mtwara mjini. Ni mtaalamu wa tiba ya usemi. Nilisomea Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere, kwa sababu wakati natafuta chuo sikuipata kozi hiyo hapa nyumbani. Ada ilitoka kwenye korosho za baba. Kila malipo ya chama cha msingi yalipoingia, fungu langu lilitengwa kwanza, hata mwaka ambao nyumba yetu ilikuwa inavuja.

Nafanya kazi kwa mkataba katika kituo kimoja chenye idara ya mazoezi. Wengi wanaoletwa kwangu ni watoto wenye usonji, yaani autism. Wapo wenye mtindio wa ubongo, wapo wasioweza kutulia kwenye kiti, na wapo vijana wenye kigugumizi wanaokuja jioni wakijificha wasionekane na watu wanaowafahamu. Naipenda kazi hii, Mama. Nalisema mapema ili usidhani nakuandikia kwa kuwa nimeichoka.

Yupo mtoto wa miaka sita ambaye suala lake linaninyima usingizi. Haongei kama watu wanavyotarajia, ila hurudia maneno aliyoyasikia. Kwao ni karibu na stendi, na neno lake kubwa ni la wapiga debe: "Masasi Masasi, siti mbili za mwisho, twende zetu!" Hulitamka kwa sauti ileile ya stendi, wakati mwingine usiku wa manane. Nyumbani wamezoea kumfinya ili anyamaze. Mimi nilimtengenezea kadi za picha: maji, choo, kelele, kutoka, bado, basi. Akaanza kuzitumia, mama yake akafurahi sana. Kisha akaja mjomba wake, ambaye ndiye analipia kliniki na nauli. Alizikusanya kadi zote akaziweka mezani kwangu, akasema: "Daktari, huyu tumemleta aongee. Wewe unamfanya bubu. Wenzake wakienda jandoni, yeye ataenda na karatasi shingoni?" Sikuwa na la kujibu. Tangu siku ile mtoto hajaletwa, na mama yake hunipigia simu kwa siri.

Kazini nako kuna jambo. Mkuu wangu anataka kila ripoti ionyeshe mtoto ameanza kuangalia watu machoni na ameacha kupunga mikono. Pia ananitaka niwaambie wazazi waache kuzungumza Kimakonde nyumbani, eti kinawachanganya watoto. Naandika, lakini moyo haukubali.

Baba naye hajanielewa. Kwenye arobaini ya shangazi yangu alisema mbele ya wazee: "Nimeuza korosho asome udaktari, kumbe amesomea kukaa sakafuni kucheza na watoto wa watu."

Na sasa kliniki moja binafsi ya Dar es Salaam imeniita. Mshahara ni zaidi ya mara mbili ya huu, na pale wapo wengine wa fani yangu. Hapa niko peke yangu. Kuna usiku najiuliza kama ninachofanya ni tiba au ni kubahatisha, na sina wa kumuuliza. Mkataba wangu unaisha Desemba.

Je, niende? Na yule mjomba nimwambie nini?

Mwanao, Mtwara.

JIBU

Marahaba mwanangu. Nimefundisha watoto wenye mahitaji maalumu mpaka nikastaafu, kwa hiyo mengi uliyoandika nayafahamu kutoka upande wa darasani. Nitaanza na mjomba, maana kwake ndiko mtoto alikokwama. Habari za Dar es Salaam zitasubiri.

Yule si adui yako. Wewe ni mtu wa Tandahimba, unajua kwamba katika ukoo unaofuata upande wa mama, mjomba ndiye anayebeba jina la mtoto mbele za watu. Yeye ndiye atakayeulizwa kijana huyu atasimama vipi, atajitegemea vipi, ataoa vipi. Anatoa nauli, analipa kliniki, na siku anayofika mwenyewe anamkuta mpwa wake ananyoosha karatasi badala ya kufungua mdomo. Kilichomtoka pale ni hofu, na inastahili jibu kamili. Usimwite kliniki. Mama mtoto akiridhia, mwendee nyumbani kwake ukiwa na mtu mzima anayemheshimu, na msikilize mpaka amalize kabla hujafungua begi lako.

Kisha mwambie wazi kwamba kadi hazizuii ulimi. Swali lake wazazi wengi duniani wamekwisha kuliuliza, na wataalamu wamelipima. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha mapitio ya tafiti zilizofuatilia watu wenye matatizo ya ukuaji waliopewa ishara za mikono, picha au vifaa vya kuwasiliana. Walichuja mpaka wakabaki na watu 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara. Hakuna hata mmoja ambaye kuongea kwake kulipungua. Karibu 9 kati ya 10 waliongeza maneno ya mdomoni, ingawa ongezeko kwa walio wengi lilikuwa la wastani tu.

Hilo la "wastani" usilifiche. Usimwahidi mjomba kwamba mwakani mtoto ataongea kama wenzake, kwa sababu hulijui hilo wala mimi silijui. Mwahidi unachoweza kukitimiza: mtoto atakuwa na njia ya kusema naumwa, nina njaa, niache, sitaki, na mtu asiye mama yake ataielewa. Mtoto asiyeweza kusema "sitaki" ni rahisi kudhuriwa na mtu mbaya. Mjomba ndiye mlinzi wake. Jambo hilo litamwingia upesi kuliko hesabu za watafiti.

Na kadi azishike mtoto mwenyewe. Ukiona mtu anamkamata kiganja na kukiongoza kwenye picha, mzuie hapohapo, kwa sababu jibu linalopatikana hivyo ni la aliyeshika mkono.

Kuna jambo sikuliona kwenye barua yako: je, masikio ya mtoto yamepimwa? Anayeiga wito wa stendi kwa sauti yake anasikia, ndiyo, lakini huenda hasikii vyote. Hakikisha limefanyika.

Sasa nije kwenye "Masasi Masasi, siti mbili za mwisho, twende zetu." Uliligusa kwa sentensi moja ukakimbilia kadi. Mimi nilipofika hapo nilisimama, maana naona hapo ndipo penye kazi yako kubwa na mtoto huyu.

Zamani watoto wanaorudia maneno walifundishwa kuyaacha. Ilidhaniwa ni kasuku tu, hakuna maana ndani yake. Mwaka 1981 Barry Prizant na Judith Duchan, huko Marekani, walichapisha uchunguzi wao wa watoto 4 wenye usonji. Walitazama maneno ambayo mtoto huyarudia mara tu anapoyasikia, pamoja na kila kilichokuwa kikitokea: mtoto anamtazama nani, ameshika nini, mwili wake unafanya nini. Walikuta kurudia kuna kazi 7 tofauti, zikiwemo kupokea zamu ya kuzungumza, kukubali, kuomba kitu, na kujituliza. Yapo marudio yasiyo na lengo lililoonekana, lakini hayo ni sehemu tu ya hadithi. Wewe umeyasoma haya Kampala. Wanaokaa na mtoto hawajawahi kuyasikia.

Kwa hiyo uliza: analisema lini? Mpe mama daftari dogo. Kila neno la stendi linapotoka aandike ilikuwa wakati gani, nani alikuwepo, nini kilikuwa kinaendelea, na nini kilifuata. Kama kuandika ni shida, akutumie sauti kwa simu. Baada ya muda mfupi mtaona mwelekeo.

Mimi nina dhana yangu, nawe utaipima. Fikiria mtoto aliyekulia pembeni ya stendi. Kila siku anasikia mpiga debe akiita, kisha injini inanguruma, na kundi lote la watu linaondoka. Kati ya maneno yote aliyowahi kuyasikia, hayo ndiyo aliyoyaona yakiondoa watu mahali. Akiwa kwenye chumba chenye kelele na kifua kimembana, aseme nini kingine? Huenda "twende zetu" yake ni ombi lililokamilika, lenye kiitikio chake na idadi yake ya siti. Usiku wa manane huenda ni jambo jingine, huenda anajibembeleza. Daftari litasema.

Kama dhana hii ina ukweli, basi kumfinya ni kumwadhibu kwa kuomba. Hilo waambie wote wa nyumba ile leo, kwa upole, lakini usilizungushe.

Ukishathibitisha, anza kumjibu. Akilisema huku kuna kelele, mwambie kwa ufupi, kana kwamba ni yeye anayesema: "Nataka kutoka. Twende nje." Na mtoke kweli, hata kama ni mpaka barazani tu. Neno likijibiwa, mtoto hujifunza kwamba maneno yana nguvu. Halafu nyumbani watumie "twende" hiyohiyo kwenye mambo mengine: twende kisimani, twende kwa bibi, twende tukalale. Kadi ya kutoka ibaki karibu, kwa siku ambazo mdomo hautatii. Usizishindanishe hizi njia mbili.

Hapo ndipo utakapomrudia mjomba na jambo litakalomgusa. Amekuambia habari za jando. Mkumbushe kwamba wavulana huko huimba, na wimbo huongozwa na mmoja wengine wakaitikia. Mpwa wake anayeweza kuushika wito wa stendi neno kwa neno, pamoja na mlio wake, ana sikio ambalo wengi hawana. Nisieleweke vibaya: kelele, watu wageni, kulala mbali na mama, na maumivu yenyewe vinaweza kumvunja mtoto wa aina hii, na huenda mjomba akaamua tohara ifanyike hospitali au isubiri miaka zaidi. Huo ni uamuzi wa ukoo pamoja na daktari. Lakini akijua kwamba unaliwaza jambo hilo pamoja naye, na kwamba picha zilezile alizozirudisha mezani zinaweza kupangwa zimwonyeshe mtoto kitakachotangulia na kitakachofuata, hatakuona tena kama mtu anayemwondoa mpwa wake kwa wenzake. Mpe na yeye nafasi yake: kadi ya "twende" aishike mjomba wanapotembea pamoja jioni.

Sasa mkuu wako na fomu zake. Kupunga mikono kunamdhuru nani? Kama mtoto hajipigi wala hapigi mtu, mikono ile inamsaidia kubeba furaha au wasiwasi. Kuizuia ni kumtwisha kazi ya pili wakati tunamtaka asikilize. Watu wazima wengi wenye usonji waliopitia mazoezi ya kuficha mikono yao wamesimulia jinsi kujificha kulivyowachosha. Hao tuwasikilize, maana hao watoto tunaowatibu leo watakua wawe wao.

Na la macho linanishangaza hata zaidi. Sisi tuliolelewa huku Kusini tumefundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Mtoto akikukodolea wakati unamsemesha, utasikia bibi anamkemea. Leo tunaandika kwenye fomu kwamba mtoto amepona kwa sababu amemkazia macho mtu mzima! Kipimo hicho hakikutungwa Mtwara. Wapo wenye usonji wanaoeleza kwamba wakimtazama mtu machoni hawawezi tena kusikia anachosema. Mimi ningependa mtoto asikie.

Huna haja ya kugombana na mkuu wako kwa hili. Mpelekee mapendekezo ya vipimo vingine, vinavyohesabika, maana fomu hupenda vitu vya kuhesabu. Mtoto ana njia ngapi za kuomba? Anaweza kukataa bila kuuma au kujitupa chini? Ni watu wangapi zaidi ya mama yake wanaomwelewa? Hicho cha mwisho ndicho nakithamini kuliko vyote, kwa sababu kinampima mtoto na kutupima sisi pia. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanazuoni Mwingereza mwenye usonji mwenyewe, aliandika kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao kuna pande mbili: naye hatuelewi, nasi hatumwelewi, ila siku zote tumemtwisha yeye lawama. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh wakachapisha jaribio. Hadithi ilipitishwa mtu hadi mtu katika misururu ya watu 8. Msururu wa wenye usonji watupu uliihifadhi sawasawa na msururu wa wasio nao. Walipochanganywa, ndipo hadithi ilipopotea zaidi njiani. Basi ukitumia nusu ya saa yako kumfundisha mtoto, nusu nyingine wafundishe wanaomzunguka. Hiyo ni tiba pia, na iandikwe kwenye ripoti.

Kuhusu Kimakonde, kataa. Utafiti uliofanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 2012 ulilinganisha watoto wenye usonji waliokua katika lugha moja na waliokua katika mbili, na haukukuta kwamba lugha ya pili iliwachelewesha zaidi. Ukimnyang'anya bibi lugha yake, mtoto hapati Kiswahili kingi zaidi. Anabaki na bibi aliyenyamaza. Sijui tiba gani inayoanza kwa kumnyamazisha mtu anayempenda mtoto. Kadi zako ziwe na neno ambalo nyumba ile inalitumia kweli.

Wale vijana wa kigugumizi nao usiwaache nyuma kwa sababu wanajileta wenyewe. Waulize wanachotaka kukifanya ambacho wamekikimbia: kupokea simu, kujitambulisha kwenye usaili, kuongea msikitini au kanisani. Anzia hapo. Asiyeogopa tena kugugumia mbele ya watu amepata kitu kikubwa, hata kama kigugumizi chenyewe hakijaondoka. Na ukiwapata wawili watatu wanaokubali, wakutanishe.

Umeandika kwamba uko peke yako, na neno hilo ndilo zito kuliko mshahara. Tazama ukubwa wa kazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Mkoa wa Mtwara pekee, kwa sensa ya 2022, una watu zaidi ya milioni 1.6. Kama makadirio hayo yanashika hapa, ni watu zaidi ya 12,000, na hapo hatujahesabu Lindi wala wale wengine wote uliowataja. Huwezi kuwamaliza kwa kumfungia mlango mmoja mmoja kwenye chumba chako. Ukijaribu utaanguka, na hata ukijitoa mwili na roho wengi hawatakuwa wamekuona.

Shirika hilohilo la Afya lina mpango wa kuwafunzisha walezi wa watoto wenye ucheleweshaji wa ukuaji, ukiwemo usonji. Mpango huo una vikao 9 vya kundi na ziara 3 za nyumbani, na umeundwa ili hata wasio wataalamu, kama wauguzi na walimu, waweze kuuendesha wakishafundishwa. Utafute, usome, uone unachoweza kukifanya hapa. Akina mama wanane wakikaa pamoja chini ya mwembe watafundishana mambo ambayo mimi na wewe hatuyajui. Watafute na walimu wa vitengo vya elimu maalumu. Wengi wao wamepita Chuo cha Patandi, Arusha, wanawaona watoto hao siku tano kwa wiki, na hawana anayewaonyesha namna ya kutengeneza ubao wa picha. Steshenari yoyote itakufunikia ubao huo kwa plastiki.

Na upange kazi kwa kalenda ya huku. Unajua kuanzia Oktoba kliniki inabaki tupu kwa sababu kila mtu yuko shamba. Usiwaandikie familia hizo "wametoroka matibabu". Kabla msimu haujaanza, kila nyumba iondoke na jambo moja la kufanya chini ya mkorosho. Kuokota kuna zamu ndani yake: moja yangu, moja yako, bado, weka, tumejaza. Mtoto asiyekaa kwenye kiti chako huenda akakaa kwenye kazi hiyo asubuhi nzima, kwa sababu mikono yake ina shughuli na maneno ni yaleyale kila mara. Ubanguaji na mafuta yake makali wakae nao mbali.

Baba yako nitamsemea kwa ufupi. Amekuaibisha mbele ya wazee, na inauma. Lakini hajawahi kuona kazi yako, amesikia tu habari ya sakafu na watoto. Mweleze upande atakaoutambua upesi. Rika lake wanajua kiharusi. Mwambie fani yako ndiyo inayomsaidia aliyepigwa kiharusi arudi kutamka jina la mkewe na ameze uji bila kupaliwa, na kwamba kumeza na kusema vinasomewa pamoja. Siku mzee mmoja wa kijijini akihitaji msaada huo, nenda umwone, baba akiwepo. Na msimu huu jitahidi kwenda shamba hata siku chache, umshukuru kwa mdomo wako kwa mwaka ule alipolipa ada nyumba ikivuja. Huenda hujawahi kumshukuru kwa maneno.

Sasa Dar es Salaam. Kutaka mshahara mzuri si dhambi, na sitakuambia ubaki kwa kuwa Mtwara inakuhitaji. Mtu akiishikilia kazi kwa kujitoa sadaka tu huishia kuwachukia anaowahudumia. Ila nimeona kwenye barua yako kwamba kinachokuvuta zaidi ni kuwa na mwenzako wa kumuuliza. Anayetibu bila mtu wa kumkagua hubahatisha hata akiwa hodari, kwa hiyo hicho kitafute kwanza, popote utakapokuwa. Uliosoma nao Kampala wamesambaa Uganda, Kenya na hapa kwetu. Mwombe mmoja aliyekutangulia akupe saa moja kila wiki kwa simu ya video, umweleze mtoto mmoja kwa kina naye akuulize maswali. Chuo cha MUHAS pale Muhimbili siku hizi kinafundisha shahada ya usikivu na tiba ya usemi. Waandikie walimu wake, uulize kama mwanafunzi anaweza kuletwa kwako kwa mazoezi ya vitendo. Mwanafunzi anayeuliza "kwa nini?" atakusimamia kuliko unavyodhani.

Ushauri wangu ni huu. Kabla Oktoba haijaisha, mwandikie mwajiri wako barua yenye maombi mawili: siku moja kila wiki ya kutoka nje ya jengo kwenda majumbani na shuleni, na ile saa moja ya kusimamiwa ihesabiwe kama kazi. Ongeza na mshahara, bila aibu, ukimwambia kwamba umeitwa kwingine. Akikubali hayo mawili, saini mwaka mmoja zaidi na uwajibu wa Dar es Salaam kwa adabu, mlango ubaki wazi. Akiyakataa, nenda. Utajifunza, na Kusini utakuja kurudi ukiwa umeiva.

Ukienda, usiwaambie familia zikufuate huko. Ni zaidi ya kilometa 550, na Mei 2024 tuliona barabara ilivyokatika upande wa Kilwa baada ya kimbunga Hidaya. Mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu achukue nakala za mbao zako zote za picha mapema, akiwa ameshakuona ukizitumia, na upatane na kliniki mpya kabla ya kusaini kwamba siku moja kwa wiki utapokea simu za akina mama wa Mtwara.